UZI: Kabla hujaongezewa uniti za insulini, papasa kwanza pale unapochoma

Sista wa Makole

Mbukwenyi wanajamvi. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kliniki ya sukari hapa Dodoma mjini. Uzi huu ni wa wanaojichoma insulini na wanaowachoma wengine: mama mzazi, babu, mtoto wa shule. Ni mrefu, mnivumilie.

Kuna jambo nalikuta karibu kila siku ya kliniki na linaniuma. Mtu anakuja na daftari lake. Sukari asubuhi 17, jioni 5, kesho yake 14, halafu usiku mmoja ameamka anatetemeka, jasho limelowesha shuka, ndugu wamemkimbizia soda. Ukimuuliza chakula, ni ugali wa uwele na mlenda uleule. Ukimuuliza kama anaruka sindano, anaapa haruki, na ukihesabu chupa unaona anasema kweli. Basi dozi inapandishwa. Mwezi unaofuata karudi vilevile, au kazidi. Na muda wote huo hakuna aliyemwambia afunue tumbo.

Juzi nilimwomba baba mmoja, mkulima wa zabibu, alale kitandani apandishe shati. Kushoto kwa kitovu ngozi imeinuka kama andazi, na juu yake vitone vya sindano vimebanana, vyote kwenye eneo dogo ambalo ningelifunika kwa kiganja. Upande wa kulia hauna hata alama. Nikamuuliza, baba, mbona upande mmoja tu? Akanijibu, "Sista, hapa hapaumi."

Ni kweli hapaumi, na tatizo linaanzia hapo. Insulini, pamoja na kushusha sukari, inakuza seli za mafuta. Ukiichoma mahali pamoja kila siku, mafuta ya hapo yananenepa na kujaa nyuzi ngumu mpaka panakuwa kinundu. Kwa wengi kinundu hakina maumivu, hivyo mtu anazidi kupapenda. Lakini insulini ikiingia mle haitoki kwa utaratibu. Leo inanasa, sukari inapanda. Kesho inaachiwa yote kwa mkupuo, sukari inaporomoka. Daftari lenye namba za kupanda na kushuka bila sababu ndiyo dalili ninayoitafuta kwanza. Dawa inaweza kuwa nzima kabisa na mgonjwa ni mwaminifu, ila mlango anaoipitishia umeharibika.

Kwa hiyo leo usiku fanya hivi. Vua, kaa au lala penye mwanga unaotoka ubavuni, maana taa ya juu inaficha uvimbe mdogo. Angalia kwanza. Halafu paka vidole maji ya sabuni au mafuta kidogo, anzia kwenye ngozi ambayo hujawahi kuichoma, teleza polepole kuelekea unapochoma kila siku. Ngozi isiyo na tatizo unaibana inakuja laini, nyembamba. Ukifika kwenye kinundu utahisi panajaa vidoleni, pengine pagumu kama mpira, pengine pepesi tu ila panene, na ukibana hapakubali kukunjika vizuri. Zungushia kwa kalamu ya wino uone mipaka yake. Vingine havionekani kwa macho hata kidogo, ni vidole tu vinavyovijua, ndiyo maana nasema papasa.

Sasa wapi pa kuchoma. Tumbo, isipokuwa upana wa vidole vitatu kuzunguka kitovu. Mapaja, sehemu ya juu kwa mbele na pembeni kwa nje, usisogee ndani wala karibu na goti. Matako, upande wa juu kwa nje. Mkono, nyuma ya sehemu ya juu pale penye mafuta; hapa nawashauri mchomwe na mtu mwingine, maana mkono mmoja hauwezi kubana ngozi na kuchoma kwa wakati mmoja.

Sehemu hizi hazifanani kwa kasi. Kwa insulini za kawaida tunazopata wengi wetu, tumbo linanyonya haraka zaidi, mkono unafuata, halafu paja, na tako ni la mwisho. Ndiyo maana kuhama ovyo, asubuhi hii tumbo, kesho asubuhi paja, keshokutwa mkono, nako kunavuruga namba. Chagua sehemu kwa saa, uikalie. Wanaotumia ya mchanganyiko wa insulini ya haraka na ya taratibu, ile ya 30/70, mara mbili kwa siku, utaratibu unaofaa wengi ni tumbo asubuhi, paja au tako jioni, ili ya usiku iende taratibu.

Ukishachagua sehemu, zunguka ndani yake. Tumbo ligawe mafungu manne kwa msalaba unaopita kitovuni. Wiki hii fungu moja, wiki ijayo linalofuata kama mshale wa saa, mpaka wiki ya nne unamaliza, unaanza upya. Ndani ya fungu, kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Mapaja na matako yana kulia na kushoto, wiki moja moja. Andika pembeni ya namba ya sukari kwenye daftari: T1, T2 kwa mafungu ya tumbo, PK paja la kulia, PS paja la kushoto, au alama yoyote utakayoielewa. Daktari akiona hivyo anapata picha ambayo namba peke yake haimpi.

Na hili shikeni sana, nimeliacha la mwisho makusudi. Ukikuta kinundu, usiamke kesho ukachoma dozi ileile kwenye ngozi mpya. Dozi hiyo ilipandishwa ikiwa inapotelea kwenye kinundu. Ikiingia yote mwilini, sukari inaweza kushuka vibaya. Wapo ambao dozi yao hupungua hata zaidi ya asilimia 20 wakihama. Kiasi chako atakipanga daktari, kwa hiyo piga simu au nenda kliniki kwanza, na siku za mwanzo pima mara nyingi zaidi, pamoja na kabla ya kulala. Ikishuka chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda yenye sukari, subiri dakika 15, pima tena. Kinundu chenyewe ukikiacha kipumzike hupungua, kwa wengine wiki, kwa wengine miezi. Usikikande, usikitumbue.

Maswali yaje.

Baiskeli ya Mkaa

Shikamoo Sista. Mimi natoa mkaa upande wa Chamwino kuja mjini kwa baiskeli. Nachoma paja asubuhi saa kumi na moja kabla sijaondoka. Mara nyingi nikifika mlimani macho yanakuwa na giza, magoti yanalegea. Siku nisizosafiri hali hiyo haipo kabisa. Nilidhani ni njaa.

Sista wa Makole

Marahaba mwanangu. Njaa ina sehemu yake, lakini msuli wa paja ukifanya kazi nzito damu inajaa pale, na insulini iliyokuwa inyonywe pole pole inachukuliwa mbio. Siku ya safari choma tumboni. Hata tumboni, kazi kama yako inakula sukari nyingi, kwa hiyo mwambie daktari unavyoishi ili dozi ya siku ya safari na ya siku ya kupumzika ziangaliwe tofauti. Usitoke bila kula, na mfukoni kuwe na sukari au pipi kila safari. Joto nalo linafanya vivyo hivyo: jua likichoma mahali ulipochoma sindano, au ukijimwagia maji ya moto mara tu baada ya sindano, dawa inakimbia. Wanaolima na jembe la mkono wasome jibu hili pia.

Binti Kongwa

Dada, nashukuru kwa uzi. Bibi yangu amekonda sana, tumbo lake ni ngozi tu. Duka la dawa tunapewa bomba lenye sindano ndefu. Nikimchoma analia, na damu inatoka mara nyingi. Sukari yake inashuka mchana mara kwa mara.

Sista wa Makole

Pole mdogo wangu, na hongera kwa kumtunza. Inaelekea unafika kwenye msuli. Ngozi ya binadamu, mnene au mwembamba, ni kama milimita 2 hadi 2.5 tu. Chini yake kuna mafuta ndipo msuli, na kwa bibi mafuta ni kidogo. Zile sindano za milimita 12.7 ni ndefu mno kwake. Ikiingia kwenye msuli inauma, inatoa damu, na dawa inakwenda haraka, ndiyo sukari inaporomoka.

Ulizia bomba la insulini lenye sindano ya milimita 6 au 8. Kama kalamu ya insulini inapatikana, sindano yake ya milimita 4 inamtosha mtu yeyote, mtu mzima au mtoto. Kwa sasa ukiwa na hiyo ndefu, bana ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, viwili tu, maana ukikamata kwa kiganja kizima unainua na msuli. Ingiza kwa kulaza, nyuzi 45, sukuma dawa pole pole, hesabu mpaka kumi, toa sindano ndipo uachie ngozi. Usisugue. Na jaribu upande wa juu wa tako kwa nje. Hata waliokonda huwa wana mafuta kidogo pale.

Damu tone moja isikutishe. Ni kishipa kidogo kimeguswa, dawa haijapotea.

Kisukari Aina ya Kwanza

Nyongeza kutoka kwangu niliyeanza sindano nikiwa mtoto. Natumia insulini zile za kisasa, ya haraka na ya siku nzima. Nilivyofundishwa, kwa hizi tofauti ya tumbo na paja ni ndogo. Sista unaonaje, mbona umesisitiza sana?

Sista wa Makole

Uko sahihi, na ni vizuri umelisema. Kwa insulini za kisasa tofauti ya kasi kati ya sehemu na sehemu ni ndogo kuliko kwa za zamani. Niliandika nikiwawaza walio wengi hapa kwetu, wanaotumia ya maji ya kawaida, ile yenye rangi ya maziwa, au mchanganyiko. Lakini kinundu hakichagui. Ya bei kubwa ikichomwa palepale kila siku inatengeneza kinundu, na ikiingia kinunduni inapotea vilevile. Wewe umechoma miaka mingi. Papasa leo, mapaja usiyaache.

Kisukari Aina ya Kwanza

Nimepapasa. Paja la kulia, kwa nje, pana unene ambao kushoto haupo. Sikuwahi kupaona. Kesho asubuhi naenda kliniki na daftari langu.

Tiba Asilia Dom

Jamani, sindano ni kifungo cha maisha. Kuna mizizi inachemshwa, mtu anaacha insulini kabisa. Anayetaka aje inbox.

Sista wa Makole

Ndugu yangu, hapa nitakuwa mkali kwa sababu ni uhai wa watu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini. Akiacha sindano, ndani ya siku chache damu inajaa asidi, anatapika, anahema kwa nguvu, anapoteza fahamu, anakufa. Kabla insulini haijapatikana watoto wote wenye ugonjwa huu walikuwa wanakufa. Wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana wa miaka 14 kule Toronto, Kanada, Januari 1922, na aliishi miaka mingine 13. Anayetaka kunywa dawa ya mitishamba amwambie daktari wake, na sindano asiiache hata siku moja. Wasomaji, naombeni msiende inbox.

Mjamzito wa Ilazo

Dada samahani kwa kuingilia. Nina ujauzito wa miezi saba, sukari ilipanda nikaanzishiwa insulini. Mama mkwe anasema nisichome tumboni, itamfikia mtoto. Nachoma mapaja tu, yameanza kuniuma.

Sista wa Makole

Hujaingilia, karibu sana. Sindano inaishia kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Kati yake na mtoto kuna misuli ya tumbo na ukuta wa mji wa mimba, haifiki. Mwambie mama kwa upole kwamba kinachomdhuru mjukuu wake ni sukari ya mama kubaki juu, na sindano inamlinda.

Miezi saba tumbo limevutika kwa mbele, kwa hiyo usichome karibu na kitovu. Tumia pembeni, kuelekea kiunoni, pale ambapo bado unaweza kubana ngozi, na sindano fupi. Zungusha pembeni kulia, pembeni kushoto, na mapaja. Mkunga wako aelezwe pia.

Mwalimu Kibaigwa

Sista, nina mwanafunzi wa bweni, kidato cha pili, anajichoma mwenyewe. Amekuwa akizimia darasani. Kwa kusoma uzi huu nimemwita matroni, tumemuuliza anapochoma. Anachoma mkono wa kushoto tu, juu ya shati la shule, ili wenzake wasimwone tumbo. Nifanye nini?

Sista wa Makole

Mwalimu, Mungu akubariki kwa kumwita. Huyo mtoto hajafanya kosa, amejificha kwa sababu anaona aibu. Kitu cha kwanza apate faragha: chumba cha matroni, mlango unaofungwa, kabla ya uji wa asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Akipata hiyo ataacha kuchoma juu ya nguo mwenyewe. Kuchoma juu ya nguo kunamnyima kuona ngozi, hawezi kubana vizuri, na hajui kama dawa imeingia.

Pili, mkono huo upumzishwe, lakini kliniki yake ijue kabla hajahama, kwa sababu niliyoieleza juu. Mzazi apigiwe leo. Siku za mwanzo apimwe na usiku pia, na matroni awe na glukosi au sukari kabatini bila kufungiwa ofisini. Mwanafunzi akitetemeka saa nane usiku, ufunguo ukiwa kwa mkuu wa shule hausaidii.

Tatu, mchoree mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma. Ajaze nukta kila anapochoma, abandike ndani ya mlango wa kabati lake. Watoto wanaipenda hiyo kazi na huwa hawasahau. Na walimu wote wa darasa lake wajue dalili: jasho, kutetemeka, hasira za ghafla, kuongea ovyo, kusinzia. Wasimpeleke kusimama juani kwa kosa la kusinzia kabla hajapimwa. Akizimia, asiwekewe chochote kinywani, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Fundi Nkuhungu

Sista, tuseme ukweli. Bomba tunaambiwa litumike mara moja tu, litupwe. Mimi nachoma mara mbili kwa siku. Hesabu kwa mwezi ni pesa. Natumia moja wiki nzima.

Sista wa Makole

Nakuelewa, na sitakugombeza kwa jambo la pesa. Ncha ya sindano ni nyembamba sana, ina mafuta maalumu ya kuitelezesha. Kila ukichoma mafuta yanafutika na ncha inajikunja. Kuanzia hapo inachana ngozi badala ya kupenya, na wanaorudia sindano mara nyingi ndio tunaowakuta na vinundu zaidi. Kwa hiyo shilingi unayookoa kwenye bomba unaweza kuilipa kwenye insulini ya ziada inayopotelea kinunduni, na insulini ni ghali kuliko bomba.

Ukibanwa kabisa: liwe lako peke yako, hata mkeo asilitumie. Lifunike mara tu unapomaliza, usiifute ncha kwa spiriti. Likianza kuuma au kukwama, au ncha ikigusa kitu chochote, litupe. Shuka kutoka wiki kwenda siku mbili, kisha moja, kadiri mfuko unavyoruhusu. Ulizia pia kituo cha afya cha karibu na kikundi cha wenye sukari kama kipo. Mara nyingine mabomba hupatikana huko kwa nafuu.

Yaliyotumika weka kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, likijaa lipeleke kituo cha afya. Jalalani watoto wanaokota.

Mama Ntilie Sabasaba

Na joto la Oktoba hili la Dodoma dada, sina friji. Chupa naweka kwenye mtungi.

Sista wa Makole

Mtungi ni mzuri. Chungu kikubwa, ndani mchanga uliolowa, ndani yake chungu kidogo, chupa ikae humo kwenye mfuko mkavu, kivulini penye upepo. Hewa yetu kavu inakisaidia kupoa. Usiache chupa juu ya bati, dirishani wala kwenye gari, na isigande kwa barafu. Iliyofunguliwa andika tarehe juu yake. Nyingi mwisho wake ni siku 28, soma karatasi ya ndani ya boksi lako. Mengine ya kutunza tutafungulia uzi wake.

Mjukuu wa Hombolo

Swali la mwisho kwangu. Babu yangu macho yameanza kufifia kwa sukari hiyohiyo. Anataka kujichoma mwenyewe, hapendi kusaidiwa. Atazungukaje na haoni alama?

Sista wa Makole

Mheshimu hapo hapo, kujichoma ni heshima yake. Kuvuta dozi ndiyo kazi ya mtu anayeona vizuri, kwa sababu uniti zikizidi ni hatari. Kama ni ya rangi ya maziwa, chupa ibiringishwe kiganjani mara kumi hadi ishirini mpaka ifanane, isitikiswe. Halafu apewe bomba likiwa tayari.

Kwa kuzunguka, atumie vidole vyake. Aweke vidole vitatu pembeni ya kitovu, achome nje ya kidole cha mwisho. Siku inayofuata asogee kidole kimoja kwa nje, inayofuata kimoja tena. Jumapili ikifika anahamia fungu lingine. Ili asisahau ni fungu gani, mfungie kamba kiunoni, fundo likae upande wa wiki hii, na Jumapili mnalihamisha pamoja. Na kila Jumapili hiyo, kabla ya kulihamisha, wewe papasa tumbo zima na mapaja. Ukihisi unene mahali, niandikie hapa au mlete kliniki na daftari.